Msizipige marufuku spea za kuchonga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba spea za kuchonga zinaua watu, na kwamba serikali ifunge karakana zote za mtaani zinazochonga spea, kila mtu anunue za boksi dukani basi. Mimi nauza spea za pikipiki hapa Majengo, Dodoma, huu mwaka wa 14. Nauza spea za boksi, zenye karatasi na namba, kwa hiyo hilo wazo likipita wateja wote wanakuja kwangu na kwa jirani zangu. Lakini nimelisoma nikakaa nalo siku nzima roho inaniuma, maana huyo ndugu ameongea nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine naijua mimi kwa sababu nimeilipia kwa hela yangu.

Ushahidi wangu ni gokati. Kwa wasioijua, ni kagari kadogo ka mashindano, hakana bodi, hakana springi hata moja, hakana gia, dereva anakaa karibu kabisa na ardhi miguu ameinyoosha mbele. Hii yangu ililetwa dukani na mkokoteni mwaka juzi. Kuna fundi pikipiki nilikuwa namdai shilingi 180,000 za spea, miezi inapita, asubuhi moja nimefungua duka namwona anakuja na kijana wa mkokoteni, ananiambia shikamoo mama, hela sina ila nimekuletea mali. Mali yenyewe vyuma vimeshika kutu, kiti kimepasuka, stelingi imepinda, injini imekamata haizunguki hata ukiining'inia. Alikuwa ameipata kwenye stoo nyuma ya duka moja la zamani la hadiwea katikati ya mji, wenyewe wamehamia Dar, wakamwita aje asafishe, akaambiwa mzee wao aliinunua Nairobi miaka ya sabini akaja nayo huku.

Nilitaka nimrudishe nayo. Kilichonizuia ni beringi. Niliinama nikafuta vumbi kwa khanga pale ekseli ya nyuma inapopita, nikaona namba 6205, nikasimama. Kwa sababu 6205 naiuza, iko rafu ya tatu kushoto, tundu la ndani milimita 25, nje 52, upana 15, iwe imetengenezwa Sweden au Japani au China na iwe ya mwaka 1970 au ya jana, 6205 ni 6205. Nikajiuliza kama beringi ya hiki kitu ninayo dukani kwangu, ni nini kingine kinachoshindikana? Nikamwambia yule fundi deni limeisha.

Injini ukisafisha ina maandishi Parilla, ya Italia, 100cc, ya kuchanganya oili kwenye petroli. Nikaanza kuuliza na kusoma usiku watoto wakilala, na nilichokikuta kuhusu gokati zenyewe ndicho kinachonifanya nimshangae huyo anayesema kuchonga ni uhuni. Gokati ya kwanza duniani ilitengenezwa mwaka 1956 kule California na mtu anaitwa Art Ingels, na huyo kazi yake ilikuwa kuunda magari ya mashindano kwenye karakana ya Kurtis Kraft. Alichukua mabomba ya chuma akayaunganisha, akapachika injini ya mashine ya kukatia majani, moja ya zile zilizobaki kiwandani hazina mnunuzi, akaanza kuendesha. Duka la spea za gokati halikuwepo popote duniani, kila kipande ilibidi kichongwe au kitolewe kwenye kitu kingine. Miaka mitatu baadaye kampuni ya McCulloch iliyokuwa inatengeneza misumeno ya injini, hizi tunaita chenso, ikageuza injini ya chenso ikawa ya gokati. Na Ayrton Senna, yule Mbrazili aliyechukua ubingwa wa dunia wa Formula One mara 3, mwaka 1988, 1990 na 1991, gokati yake ya kwanza akiwa mtoto mdogo baba yake alimuundia kwa injini ya mashine ya majani hiyohiyo. Alipokuja Italia mwaka 1978 kushindana kwa kweli alichukuliwa na timu ya DAP ya Milan, wenye timu ni watoto wa Parrilla, huyohuyo ambaye jina lake liko kwenye injini iliyoletwa kwangu na mkokoteni. Hilo nililigundua saa sita usiku, nilitoka nje nikaenda kuiangalia tena na tochi.

Sasa turudi kwenye hoja ya msomaji, na hapa nitamkubalia. Kitu cha kwanza nilichochongesha ni stabu, kile kipande kinachoshika tairi la mbele na kugeuka na stelingi. Ya kulia ilikuwa imekatika. Nikapeleka karakana moja hapa mjini, siitaji, yule kijana akaniambia mama njoo kesho, kesho nikaikuta ipo inang'aa imepigwa rangi nyeusi nzuri, nikalipa 25,000 nikaondoka nimefurahi. Gokati haikuwa na injini bado. Wanangu wawili wakaifunga tairi, mmoja akakaa mwingine akasukuma, kwenye uwanja tu wa nyumbani, mwendo wa mtu anayekimbia, wakakata kona ya kwanza stabu ikavunjika tairi likaruka likaenda kugonga ukuta wa jirani. Mwanangu alichubuka kiwiko, Mungu mkubwa. Nilipookota kile kipande nikaangalia palipokatika nikaona ni nondo. Nondo ya kujengea nyumba, imepigwa resi, imechomelewa juujuu, imefunikwa na rangi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, najua unachokisema. Mtoto wangu alikuwa juu ya hicho unachokisema. Lakini kile kipande nilikibeba kwenye mfuko wa rambo nikaenda nacho kwa mzee mmoja kule Kizota ambaye mafundi wengi walinitajia, mzee aliyefanya kazi reli tangu enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lile lililovunjika mwaka 1977, na baada ya hapo akaendelea na reli yetu mpaka akastaafu. Ana lethi moja ya kukerezea, ya zamani kuliko mimi, ipo kwenye banda la mabati. Nikamsalimia nikamtolea kile kipande. Hakusema neno. Akakigusisha kwenye jiwe la grinda, akaangalia cheche. Alafu akachukua kipande kingine toka kwenye ndoo, hafu shafti ya Land Rover iliyokatika, kile chuma kinachozungusha tairi, akakigusisha nacho, akaniambia "Angalia, mwanangu." Cheche za nondo zilikuwa ndefu zimenyooka kama nyasi, na haziko sawasawa, hapa zinapasuka pale hazipasuki. Zile za hafu shafti zilikuwa zinapasuka mwishoni matawi matawi, sawa kila mahali. Akasema chuma kinaongea kikiguswa na jiwe, hiki cha kwanza hakijui kinachosema, hiki cha pili kinajua. Nimeuza spea miaka yote hiyo na sijawahi kuonyeshwa hicho kitu.

Mzee akakataa kabisa kuchonga stabu moja. Akasema zikatwe zote mbili, toka kwenye hafu shafti moja, ili kulia na kushoto kuwe na chuma kimoja. Akaikereza pini na kila mahali unene unapobadilika akaacha kona ya mviringo, hakuacha kona kali, akinionyesha kwa kidole kwamba ufa wowote unaanzia kwenye kona kali, ukitaka kujua angalia ekseli yoyote iliyokatika utakuta imekatikia hapo. Akaiingiza kwenye tundu lake kwa presha ikabana, ndo akachomelea kwa nyuma tu, na kabla ya kuchomelea akaipasha moto kwanza mpaka tone la mate linaruka, akimaliza akaizika kwenye ndoo ya majivu ipoe taratibu mpaka kesho yake. Kwa sababu chuma cha aina ile ukikichomelea kikiwa baridi na ukakiacha kipoe ghafla kinakuwa kigumu kama kioo pale pembeni ya weldi, na kioo unajua kinavyofanya. Alinidai 60,000 kwa zote mbili. Akachukua kipande kidogo cha chuma chenye alama akagonga nyundo mara moja kwenye kila stabu, alama ya herufi mbili. Nikamuuliza hii ya nini mzee, akasema reli kila aliyechonga kitu aligonga alama yake, kikivunjika wanajua pa kuja.

Mhariri, hapo ndo ninapotaka watu wasimame na mimi. Yule wa nondo hakuwa na alama. Rangi nyeusi tu.

Baada ya hapo nilishinda Kizota kila Jumapili baada ya ibada kwa muda wa mwaka na zaidi. Kuna vijana watatu pale, mmoja bado anasoma VETA, chuo cha ufundi, na wanangu wakawa wanakuja. Ekseli ya nyuma ndiyo iliyotutesa kuliko vyote. Ilikuwa imepinda na kuliwa na kutu, ni bomba nene la milimita 25 refu karibu mita moja, na gokati haina difu, tairi zote mbili za nyuma zimefungwa kwenye chuma kimoja zinazunguka pamoja, kwa hiyo hicho chuma kinapata shida ambayo ekseli ya gari haipati. Mzee akatafuta hafu shafti ya Fuso. Hafu shafti juu imechomwa ikawa ngumu, milimita kadhaa za juu zinakula kisu cha lethi kama msasa, tulimaliza visu vinne kwenye hilo ganda, lakini ukilivuka ndani unakuta chuma kitamu, kigumu bila kuwa na ukorofi. Tatizo la pili chuma kirefu chembamba kwenye lethi kinatetemeka katikati, kinatoa mawimbi, unasikia mashine inalia. Akaweka kishikio cha katikati, anapunguza kidogo kidogo, anaacha kipoe, kesho anaendelea. Tulipomaliza tukakiweka kwenye vipande viwili vya V tukakizungusha na geji ya saa juu yake, kimepinda robo milimita. Mi nikasema mzee robo milimita si basi tu. Akaniangalia. Kikanyooshwa kwa presi, kikapimwa, kikanyooshwa, mara saba nilihesabu, mpaka mshale ukawa unacheza sehemu tano za mia za milimita tu. Ndipo beringi zangu za 6205 zikaingia kwa kusukumwa na kiganja cha mkono, zikakaa. Sijui niwaelezeje raha ya beringi kuingia hivyo.

Tulipoteza wiki tatu kwenye chesisi kwa ushauri mbaya. Bomba moja lilikuwa na ufa, na fundi mmoja wa mageti, mtu mzuri tu, alitaka kutuwekea vyuma vya kukatiza ili iwe imara. Inaingia akilini, na mi nilikuwa nimeshakubali. Ni mzee aliyegoma, akasema hebu kwanza tuelewe hii kitu inakataje kona kama tairi za nyuma zinazunguka pamoja. Kwenye kona tairi la nje linatakiwa litembee umbali mrefu kuliko la ndani, sasa hizi zimefungwa pamoja, moja lazima liburuzwe. Jibu lake ni kwamba ukikata kona chesisi yenyewe inajipinda, na tairi la nyuma la ndani linanyanyuka kidogo toka chini, gari linageuka kwa tairi tatu. Yaani chesisi ndiyo springi. Ukiiongezea vyuma umeua gari, itakuwa inakwenda mbele tu kama kitanda. Tukakata palipopasuka, tukatengeneza bomba la ndani la kuunga, tukafunga kwa weldi ndogo safi, na basi. Tangu hapo kila mtu akiniambia kuimarisha ni kuongeza chuma namwambia inategemea.

Rimu zilikuwa za magneziamu, nyepesi kama maganda, mbili zina nyufa. Hapa nawaonya wanaokuta rimu za hivi kwenye vitu vya zamani, msizichomelee kwa gesi na msizikereze hovyo, unga wake ukishika moto unawaka mweupe wa kupofusha na ukimwagia maji ndo umeongeza, moto wake unazimwa kwa mchanga mkavu. Mbili nzima tukaziweka ukutani kwa kumbukumbu, tukasubu nne mpya za alumini. Wasubuji wa sufuria tunao hapahapa Dodoma, wanayeyusha na kumwaga kwenye kalibu za mchanga kila siku, tulichofanya sisi ni kuwapelekea pistoni chakavu za magari badala ya makopo na madirisha, maana alumini ya pistoni imechanganywa na silikoni, inajaza kalibu vizuri na inavumilia. Fundi seremala akatuchongea umbo la mti, kubwa kidogo kuliko rimu yenyewe, kwa sababu alumini ikipoa inanywea kama milimita 13 kwa kila mita. Rimu mbili za kwanza zilitoka na matundu ya hewa tukazirudisha kwenye moto. Zilizofuata tukazikereza, tukazijaza upepo ndani ya pipa lenye maji tukaziacha usiku mzima kuangalia kama kuna povu.

Sproketi kubwa ya nyuma hakuna anayeiuza nchini, nilitafuta Kariakoo na Gerezani. Cheni ya bodaboda toka pini hadi pini ni milimita 12.7, hii ya gokati ya zamani ni 9.525. Cheni nikaipata Dar kwa wauza cheni za mashine za viwandani, sproketi ikabidi tuchonge, meno 70, na ni yule kijana wa VETA aliyekaa na kikokotoo akatupa kipenyo cha duara ambalo pini zinapita, milimita 212.3, akaligawa duara sehemu 70 akachora kwenye bati la alumini. Kijana wa miaka 19. Alipoona cheni imezunguka mzunguko mzima bila kupanda jino hata moja alikaa chini akanyamaza.

Sasa visivyochongwa, maana hapa ndo nataka huyo msomaji anielewe vizuri. Pistoni hatukuchonga. Ile injini inazunguka zaidi ya mara elfu 14 kwa dakika, bodaboda ikilia sana ni kama elfu 8 hivi, na nafasi kati ya pistoni na silinda ni karibu unene wa unywele. Mzee alisema hapo hana mashine ya kumwezesha na hawezi kudanganya, tukaagiza Ulaya, ikakaa njiani wiki saba, nikailipia kwa uchungu lakini nikailipia. Diski ya breki pia tuliikataa kuichonga, tukachukua ya pikipiki, orijino ya boksi toka dukani kwangu, tukachonga habu tu ya kuifunga kwenye ekseli. Beringi zote za boksi, za injini zile zenye alama C3 zinazoacha nafasi chuma kitanuke kikipata moto. Kwa konrodi nilimwaga boksi zangu zote sakafuni nikakuta pini ya pikipiki moja ya zamani unene uleule, urefu umezidi, mzee akaipunguza kwenye jiwe. Kwa hiyo fundi anayejua kuchonga anajua pia cha kukataa, na kukataa kwake ndio kulinifanya nimwamini kwa vile alivyokubali.

Siku ya kuiwasha ilikuwa Jumapili, yadi ya ghala moja Kizota yenye sakafu ya zege, mwenyewe alituruhusu. Haina klachi wala kiki, inabidi dereva akae, watu wawili wainue nyuma wakimbie nayo, waidondoshe. Mwanangu mkubwa kavaa helmeti na jaketi na glavu. Mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, moshi kidogo. Petroli tulichanganya lita 16 kwa lita moja ya oili yenye mafuta ya nyonyo, hii mimea ya nyonyo inayoota yenyewe kando ya barabara zetu, ingawa haya ni ya kiwandani yaliyosafishwa kwa ajili ya injini, msikamue ya nyumbani mkajaribu. Mzee akafikiri, akasema hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari hewa ni nyepesi, petroli inazidi, akafunga skrubu ya kabureta chini ya robo mzunguko. Mara ya tatu wakaidondosha ikalipuka kama bunduki, ikaondoka. Harufu ile ya nyonyo ikajaa yadi nzima. Wale vijana waliruka, mi nilijifunika uso na khanga nikalia, na mzee alikuwa amekaa kwenye kopo la rangi anaangalia tairi la nyuma la ndani, akaninyooshea kidole. Kwenye kona lilikuwa linanyanyuka toka chini, upana wa kidole.

Imeshatembea Jumapili 11 sasa. Kila tukimaliza stabu zinafunguliwa, zinaoshwa na mafuta ya taa, zinapakwa chaki na kuangaliwa kama kuna mstari wa ufa. Hakuna.

Ninachokiomba badala ya kupiga marufuku ni hiki. Anayechonga spea agonge alama yake kwenye chuma na kwenye risiti aandike ametumia chuma gani, hafu shafti, springi, bati jeusi, nondo, chochote, aandike. Anayeandika nondo kwenye stabu tutamwona. Na anayenunua aulize, mi sikuuliza, ile siku niliangalia rangi. Kwenye stelingi na breki tuwe wakali zaidi ya vingine, hata nikiambiwa hivyo viwili vikaguliwe kwa lazima naunga mkono. SIDO ipo kwa ajili ya viwanda vidogo tangu mwaka 1973, VETA ipo, naomba wafikirie siku moja kwa mwezi karakana za mtaani zilete vipimo vyao virekebishwe na vijana waonyeshwe kusoma cheche, maana mzee wangu ana miaka 70 na kitu na aliowafundisha ni hao watatu. Wakulima wa zabibu na alizeti huku kwetu, wenye mashine za kukamua za miaka 30, wenye pampu za visima kule Bahi na Chamwino, hao wote spea zao hazipo kwenye boksi lolote. Mkifunga Kizota mmewafungia hao. Mimi duka langu litaendelea.

Na nina shida moja ya mwisho Mhariri, nakuomba usiikate. Ile injini inaingiza hewa kupitia diski nyembamba ya chuma, mviringo, imekatwa upande kama mkate ulioliwa, inakaa pembeni ya krankishafti. Ya kwetu ilikuwa imeliwa, tuliyonayo sasa mzee ameikata kwenye bapa la msumeno wa mbao na amesema mwenyewe injini isizungushwe mpaka mwisho mpaka ipatikane ya kwake. Kama kuna mtu, iwe Dodoma, Singida, Morogoro, popote, ana injini ya Parilla au gokati yoyote ya zamani imelala stoo, tafadhali asiipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu ikapimwe kwa kilo. Ailete kwanza Majengo niione.

Wenu msomaji,
Mama muuza spea, Majengo, Dodoma